Mafundi wa hita, acheni kuongeza breka! Kinachoungua ni waya

Wadau, nafungua uzi huu nikiwa na hasira. Hita ya maji ya kuoga inafungwa kwa waya wa taa, breka inakata kila mtu akioga, fundi anaitwa, anang'oa breka ya ampea 20 anapachika ya 32. Anapokea hela, anaondoka. Breka haikuwa mbovu! Ilikuwa inaulinda ule waya, na sasa hakuna kinachoulinda.

Hesabu yenyewe mtoto wa shule anaiweza: wati gawanya kwa volti. Hita ya tangi ya kilowati 3 kwenye volti 230 inavuta ampea 13. Ile ya papo kwa papo ya kilowati 5.5 inavuta karibu 24, na ya 7.5 inapita 32. Waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa, basi. Kilowati 3 inataka waya wa 2.5 na breka ya ampea 16 au 20, laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka. Hita ya 5.5 iwekewe waya wa 6 na breka ya 32. Kuna wanaobana wakaweka 4, ila waya ukirundikwa na wenzake kwenye bomba moja, au ukipita darini kwenye joto, uwezo wake unashuka. Hita ya 7.5 iwekewe waya wa 10 na breka ya 40.

Sasa hata waya ukiwa sahihi, skrubu moja iliyolegea inatosha kuwasha moto. Fungua swichi ya hita inayotoa harufu kama ya samaki wakati hakuna anayepika. Utakuta tundu moja la kuingizia waya plastiki yake imekuwa ya kahawia, ganda la waya limekakamaa na linapukutika ukiligusa, shaba imekuwa nyeusi. Tundu la jirani halina hata alama. Ampea zilizopita kwenye matundu yote mawili ni zilezile, kwa hiyo msiniambie hita ni kubwa mno. Skrubu moja ilikazwa, nyingine haikukazwa.

Kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.1 tu, kikipitisha ampea 24, kinatoa joto la wati 58. Hiyo ni balbu nzima ya zamani ya wati 60 inawaka ndani ya tundu la skrubu! Breka haiwezi kujua, kwa sababu ampea hazijaongezeka. RCD, kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, nayo haijui, kwa sababu hakuna umeme unaovuja.

Kubadilisha swichi peke yake hakutibu. Kata waya uliokakamaa mpaka ufikie shaba inayong'aa. Ukibaki mfupi, vuta mpya. Kusokota na kuviringisha tepu nyeusi kwenye laini ya hita ni ushenzi. Chuna ganda kwa kina cha tundu tu, nyuzi zote ziingie, waya mwembamba ukunje mara mbili. Angalia skrubu inabana shaba, isiwe inabana ganda. Kaza, kisha vuta kwa mkono kwa nguvu.

Na ethi je? Fundi hakuti waya wa ethi (wa kwenda ardhini), basi anaunga ethi ya hita na nyutro (waya wa kurudisha umeme) palepale kwenye hita. Siku nyutro ikikatika huko nyuma, umeme ukishapita kwenye koili (kile kinachopasha maji) unakosa njia ya kurudi, unakaa kwenye bodi ya tangi na mabomba. Mtu amelowa, ameshika bomba. Huko ni kuua! RCD ya miliampea 30 ni lazima, na ikikata kila hita inapowashwa, tafuteni koili iliyopasuka. Msiiondoe RCD.

Swichi nayo ikate laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro kwa pamoja. Ikikata nyutro pekee, taa ya hita inazimika huku koili bado ina laivu. Anayeruka thamostati (kinachozima hita maji yakipata moto) kwa kipande cha waya anachemsha maji ndani ya chombo kilichofungwa, na valvu ya usalama ikiwa imeganda tangi linapasuka.

Kabla ya kulipa, dai vipimo vitatu, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu na mita ya fundi ya kupimia umeme imethibitisha haupo. Kwanza koili, nyaya zake zikiwa zimechomolewa: kilowati 3 isome karibu omu 17.6, na 5.5 karibu 9.6. Pili, koili kwenda bodi ya tangi kwa kipimo cha volti 500: isipungue megaomu 1. Tatu, bodi ya tangi hadi kwenye baa ya ethi ndani ya boksi: isome chini ya omu 1. Fundi asiye na mita hajamaliza kazi, na hita isiwashwe.