Marubani wa ndege ya abiria ya ATR 72, mabegi yenu mnayaweka wapi?

Mimi ni rubani msaidizi, tunalala sana Mwanza. Kampuni imekataza mabegi chumba cha marubani, yote yaende sehemu ya mizigo ya mbele. Lakini ndege ikiwa nzito, yetu ndiyo hushushwa kwanza! Nimewahi kufika bila sare ya kesho wala dawa za presha. Inaniuma sana.

Jibu: Pole, kaka. Katazo lenyewe ni sahihi: begi lisilofungwa likiteleza hadi kwenye pedali za kuongozea ndege, mmekwisha. Tatizo ni uzito. Mabegi yenu yaingizwe kwenye hesabu ya uzito wa ndege kabla ya kupokea mizigo ya ziada.

Jibu: Sisi wa ndege ndogo ya Caravan tunaweka kwenye kasha la chini ya tumbo. Dawa beba mwilini, ndugu yangu.

Muulizaji: Asanteni. Hilo la hesabu nalipeleka kwa rubani mkuu.