Wa kugombea namba na kwotabeki: raundi ya kwanza, raundi za kati, au mkongwe?

MlindaNgome
Wadau, tuchukue timu ya NFL (ligi ya futiboli ya Marekani) yenye kwotabeki, mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, wa kawaida: si mbovu, ila fainali haifiki. Njia ninazoziona ni tatu. Kumchagua kijana raundi ya kwanza ya drafti (timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu kila mwaka), kumtafuta kati ya raundi ya pili na ya nne, au kusajili mkongwe aliye huru aje kugombea namba. Ipi inalipa?

YadiKumi
Kabla ya kutazama mkono wa kijana, someni mkataba wa anayeanza. Bonasi ya kusaini hulipwa mapema, lakini kwenye hesabu za kikomo cha mishahara (jumla ya juu ambayo timu inaruhusiwa kulipa kwa mwaka) hugawanywa hadi miaka mitano. Ukimuuza mchezaji kabla ya Juni, sehemu yote iliyobaki inaangukia mwaka uleule. Eagles walimwongezea kwotabeki wao Carson Wentz mkataba Juni 2019: miaka 4, dola milioni 128. Aprili 2020 wakamchagua kwotabeki mwingine, Jalen Hurts, chaguo namba 53 la drafti. Wentz alipouzwa Colts mwaka 2021, Eagles walibebeshwa takriban dola milioni 33.8 kwa mtu asiyewachezea tena.

Chiefs walipiga hesabu vizuri zaidi. Mwaka 2017 walipanda kutoka chaguo namba 27 hadi 10 kumchukua Patrick Mahomes, Alex Smith, aliyekuwa anaanza, akiwa amebakiza misimu miwili. Mahomes alianza mechi moja tu, ya mwisho wa msimu, kule Denver. Smith akauzwa Washington kwa beki Kendall Fuller na chaguo la raundi ya tatu. Mimi nasema raundi ya kwanza, mradi anayeanza amebakiza miaka miwili au pungufu.

Nahodha_77
Kwa Chiefs sibishi, ila raundi ya kwanza ina saa inayokimbia. Mkataba wa kijana ni miaka 4, na timu ina haki ya kuongeza wa tano kwa mshahara mkubwa zaidi. Packers 2020 walitoa chaguo namba 30 na 136 wakapata namba 26, wakamchukua kwotabeki Jordan Love. Aaron Rodgers, aliyekuwa anaanza, akawa MVP (mchezaji bora wa ligi) 2020 na 2021, Love akasugua benchi misimu mitatu. Alipopewa namba 2023, miaka ya bei nafuu ilikuwa karibu yote imekwisha. Julai 2024 akasaini miaka 4 kwa dola milioni 220. Kwotabeki mzuri wamempata. Lakini mshahara mdogo wa kijana ndio unaokuachia fedha za kusajili walinzi na wapokeaji, na nafasi hiyo iliishia benchini.

BintiWaKona
Mnasahau mazoezi. Wiki ya mechi, anayeanza huchukua karibu zamu zote na kikosi cha kwanza. Kijana anaigiza mchezo wa wapinzani ili ulinzi wenu ujiandae. Hajifunzi kwa kasi mnayoidhania. Na mkigawa zamu nusu kwa nusu kambini, zinazoumia ni pasi zinazorushwa kabla mpokeaji hajageuka: mmoja anaachia mpira hatua ya tatu, mwingine anachelewa kidogo, mpokeaji anageuka mpira umeshampita. Senta, anayempa kwotabeki mpira kuanza mchezo, naye anabadilishiwa sauti na mikono kila mara. Kocha aweke tarehe: zamu zigawanywe hadi mechi ya pili ya kujipima, kisha mmoja apewe zote.

Nachagua raundi za kati. Seahawks 2012 walimsajili kwotabeki Matt Flynn, halafu wakamchagua Russell Wilson namba 75. Wilson akachukua namba kabla ligi haijaanza, na Februari 2014 wakabeba Super Bowl, fainali ya NFL.

YadiKumi
Wilson ni mmoja. Wengi wa raundi hizo huishia kuwa akiba.

BintiWaKona
Na akiba unamhitaji, maana kwotabeki huumia. Raundi ya tatu ukikosea, umepoteza chaguo moja tu.

MlindaNgome
Na Falcons 2024?

Nahodha_77
Pale walilipa mara mbili. Machi walimpa kwotabeki mkongwe Kirk Cousins, aliyekuwa anatoka kuumia kano ya kisigino, mkataba wa miaka 4 wenye dola milioni 100 za uhakika. Aprili wakatumia chaguo namba 8 kwa kwotabeki kijana, Michael Penix Jr. Cousins akarusha pasi 18 za tachidauni (za kufunga), pasi 16 zikanaswa na wapinzani, na Desemba akawekwa benchi. Namba 8 ingeleta mtu wa kumkimbiza kwotabeki wa wapinzani, sehemu waliyokuwa dhaifu. Ukimtaka Penix, mkongwe msajili kwa mwaka mmoja, ashike namba hadi kijana aive.