Kutenganisha taka katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja: tuanzie wapi?

Mpangaji wa Tandika

Habari zenu wanajukwaa. Ninaishi katika nyumba ya kupanga huko Tandika, Dar es Salaam, ambamo familia sita tunatumia ua mmoja, bomba moja na pipa moja la taka. Gari la taka hupita mara moja kwa wiki, na linapochelewa, hasa wakati wa masika, maganda ya ndizi, matumbo ya samaki na nepi za watoto huoza pamoja, harufu huingia vyumbani, na baadhi yetu huamua kuchoma kila kitu nyuma ya choo, plastiki ikiwemo. Ningependa tuanze kutenganisha taka, lakini ushauri mwingi ninaousoma umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye nyumba yake, bustani yake na uamuzi wake. Sisi hatuna bustani, mwenye nyumba haishi hapa, na majirani wengine husema kwamba wakishalipa ada ya taka wajibu wao umekwisha. Je, lifanyike jambo gani kwanza, na nani alifanye, ili utaratibu usife baada ya wiki mbili? Na je, mboji, yaani mbolea ya taka zilizooza, inaweza kutengenezwa kwenye ua wa saruji bila kuleta panya?

Mkulima wa Ndooni, Morogoro

Pole sana, ndugu yangu. Mimi ningeanza na taka za jikoni zinazooza na kuyaacha mengine yasubiri, kwa sababu katika miji yetu taka za aina hiyo kwa kawaida huwa zaidi ya nusu ya uzito wa pipa la nyumbani, na ndizo zinazoita nzi na panya. Zikiondolewa, kinachobaki huwa kikavu na chepesi, na gari likichelewa siku mbili tatu hakuna anayekosa usingizi.

Kwenye saruji, tumieni ndoo za lita 20 zenye mifuniko. Toboeni matundu madogo chini na ubavuni, ziinueni juu ya matofali ili hewa ipite, na wekeni beseni la kukinga maji yanayochuruzika. Tandazeni maranda chini, kisha kila mnapomwaga ujazo mmoja wa maganda na mabaki ya mboga, funikeni kwa ujazo wa mara mbili au tatu wa vitu vikavu: maranda kutoka kwa fundi seremala (muulizeni kwanza kama mbao zake zimetiwa dawa), majani makavu, au maboksi yaliyochanwachanwa. Harufu mbaya ni dalili kwamba hewa haitoshi au maji yamezidi, na tiba yake ni kugeuza na kuongeza vikavu. Mchanganyiko ukiuminya kiganjani unapaswa kushikana na kutoa tone moja au mawili, si mchirizi. Panya hufuata ugali, wali, samaki, nyama na mafuta, kwa hiyo hivyo visiingie ndooni kabisa. Makombo ya ugali na wali apewe jirani anayefuga kuku. Kwa joto la Pwani, ndoo inayogeuzwa kila wiki huweza kukomaa ndani ya miezi miwili hadi mitatu. Msipokuwa na mahali pa kuitumia, pandeni mchicha kwenye viroba, au zungumzeni na wauza miche wa kando ya barabara, ambao huhitaji mboji wakati wote.

Jirani wa Kisauni, Mombasa

Maelezo ya ndoo ni mazuri, lakini yamejibu swali la pili. La kwanza ndilo gumu. Kwetu Kenya, sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inazitaka kaya zitenganishe taka zinazooza na zisizooza, na bado nyumba nyingi zina pipa moja tu. Kwa hiyo msitegemee amri ya mwenye nyumba wala ya mtaa. Nawashauri msianze na kikao, na msiandike zamu ukutani, kwa maana zamu huvunjika siku mtu mmoja anaposafiri na wengine wakapata kisingizio. Mtafuteni mtu mmoja anayeitaka mboji yenyewe, awe ndiye mwenye ndoo, na wengine waombwe tendo dogo tu la kumwaga maganda humo. Ndoo ikae pale pale watu wanapomenyea viazi, karibu na bomba, kwa kuwa hakuna atakayevuka ua na ganda mkononi. Wanaoamua taka inaingia wapi ni wale wanaopika na kufagia, yaani akina mama, wasichana wa kazi na watoto, na hao ndio waulizwe kabla ya mwanaume mwenye sauti kubwa. Chupa za plastiki ziwekwe kwenye kiroba na kuachiwa mwokota chupa, ambaye huziuza kwa kilo.

Mwenye Shaka, Mbagala

Naomba kutofautiana nanyi kidogo. Mtaani kwetu tulitenganisha, kisha wazoa taka wakachanganya kila kitu garini mbele ya macho yetu, na tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kusikia habari hizo. Faida iko wapi?

Jirani wa Kisauni, Mombasa

Hasira yenu ninaielewa, lakini tazama kwamba katika mpango huu maganda hayaendi garini hata kidogo, na chupa zinaondoka na mwokota chupa. Gari linabakiwa na kile ambacho hakuna mwingine anayekitaka, na hicho kikichanganywa hakuna kinachoharibika. Jambo ambalo sitalionea haya kulisisitiza ni kuchoma plastiki: moto wa uani hauna joto la kutosha kuiteketeza, na moshi wake wenye sumu unaingia katika vyumba vile vile wanamolala watoto. Kuhusu nepi za kutupa sina dawa ya haraka; zifungwe vizuri ziende na gari, na anayeweza kufua atumie za kitambaa, walau mchana.

Mpangaji wa Tandika

Nashukuru sana. Yupo mama mmoja hapa anayeuza mboga na ambaye tayari ana viroba vya mchicha, nami nitamwendea yeye kwanza kabla ya kumwambia mtu mwingine. Swali moja limebaki: karibu sote tunapikia mkaa, na majivu ni mengi. Je, yanaweza kuingia kwenye ndoo?

Mkulima wa Ndooni, Morogoro

Yanaweza, yakiwa yamepoa kabisa, na kwa kiasi cha kunyunyiza tu kila mnapoongeza maganda, kwa kuwa majivu hupunguza uchachu wa mchanganyiko, na yakizidi hupoteza naitrojeni, kirutubisho cha mimea ambacho mchicha wa mama huyo utakihitaji. Yanayobaki yahifadhiwe kwenye kopo kavu kwa ajili ya kusugulia masufuria. Jambo jingine: mama huyo akikubali, mpeni ndoo mbili badala ya moja, ili ya kwanza ikijaa iachwe ikomae huku ya pili ikiendelea kupokea.