Naomba ushauri: begi la shule linamuumiza binti yangu mgongo

Habari zenu wapendwa. Binti yangu yuko darasa la tano, ana kilo 28. Jana nililipima begi lake kwenye mzani wa muuza mchele hapa jirani: kilo 7! Ushauri wa kawaida ni mzigo usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto, yaani kwake kama kilo 4 tu. Kwenye daladala husimama nalo mgongoni, akishuka anatembea ameinama. Wiki nzima sasa usiku analalamika kiuno. Mikanda nimeifupisha, vitabu vizito nimevisogeza upande wa mgongo, bado. Shuleni hakuna makabati, na madaftari yote yanatakiwa kila siku. Nimpeleke hospitali sasa hivi? Na mliowahi kuongea na walimu kuhusu ratiba, mlianzaje?