Mliosoma au kufanya kazi China: maneno ya mtaani kuhusu wanawake mliyakuta vipi ofisini? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Nimekuwa mkalimani Guangzhou kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo. Kichina cha darasani hakikuniandaa kwa neno shengnü: mwanamke aliyebaki, kama ubwabwa uliosazwa sufuriani. Msidhani ni la vijiweni tu. Mwaka 2007 Wizara ya Elimu ya China ililiweka kwenye orodha ya maneno mapya, na Shirikisho la Wanawake, lililo chini ya chama tawala, likalitumia kwa waliovuka miaka 27 bila kuolewa.

Idarani kwetu alikuwepo dada aliyejua mambo ya forodha kutuzidi wote. Hakuolewa, basi kila akikosoa hesabu wanasema ana hasira za upweke. Hoja yake haijibiwi, inajibiwa ndoa yake. Alipoolewa, safari za kuonana na wateja akapewa kijana mgeni kazini, eti huyu dada atabeba mimba sasa hivi. Iliniuma sana. Karibuni, semeni yenu.

Binti Pangani: Pole dada. Mimi nilikuwa Wuhan, maabara. Kuna utani wa zamani kwamba binadamu wako aina tatu: wanaume, wanawake, na wanawake wenye shahada ya uzamivu. Wenzangu wa Kichina waliucheka mbele za watu, lakini wawili walikatisha masomo kwenye uzamili. Mmoja aliniambia wazi kwamba mama yake anaogopa hatapata mchumba.

Fundi Umeme: Kwetu kiwandani ilikuwa nü hanzi, jikedume. Wanalitoa kama sifa. Mhandisi wa kike akishaitwa hivyo anabebeshwa kazi nzito, na hakuna anayemuuliza kama amechoka. Yule wa mapokezi wao wanamwita huaping, chombo cha maua, ingawa anaongea lugha tatu. Nilichojifunza ni kwamba ukiwa mrembo huna akili, ukiwa na akili si mwanamke.

Mama Nasra: Mkuu umesema kweli. Ila tusiwasahau wanaojibu. Wapo walioandika shengnü kwa herufi nyingine yenye sauti ileile, ikawa mwanamke mshindi. Na mwaka 2018 waliosimulia kunyanyaswa kingono walitumia maneno mi tu, yaani sungura wa mchele, yanayosikika kama Me Too (mimi pia), kaulimbiu ya Kiingereza ya waliofanyiwa hivyo, ili machapisho yao yasifutwe haraka.

Binti Pangani: Kuna anayekwenda kwenye usaili huko? Tangu tarehe 1 Januari 2023 sheria inamkataza mwajiri kumuuliza mwanamke kama ameolewa au ana mpango wa kuzaa. Mimi niliulizwa kabla ya hapo, swali la pili tu baada ya jina. Rafiki yangu wa Kichina yeye hangoji swali. Kwenye wasifu wake ameandika juu kabisa: ameolewa, ameshazaa.