Mama watoto anaumwa nyonga tangu ana ujauzito, tumeambiwa tujiandae na upasuaji

KoroshoGhafi: Wakuu heshima kwenu, niko Newala. Mimba ilipofika mwezi wa nane mama watoto alianza kuumwa kinena cha kulia, akawa anachechemea. Tukaambiwa ni ujauzito tu. Mtoto sasa ana wiki sita na maumivu yamezidi. Akilala ana nafuu, akikanyaga ndipo shughuli. Kushuka kwenye bajaji anaunyanyua mguu kwa mikono miwili. Hospitali moja wamepiga eksirei, wanasema kichwa cha mfupa wa paja kimefifia, huenda kinakufa, tutafute hela ya nyonga bandia. Korosho zenyewe bado. Hakuna njia nyingine?

Mtu wa Pwani: Huo mshipa. Achuliwe na mtu anayejua, avutwe mguu.

fizio_kusini: Asivutwe mguu jamani! Maumivu ya miezi ya mwisho ya ujauzito, halafu mfupa unafifia kwenye eksirei: mimi nawaza ostioporosisi ya muda ya nyonga, yaani mfupa wa nyonga kudhoofika kwa muda tu. Ni nadra, huwapata hata wanaume wa makamo, na kwa kawaida hupona bila kisu kwa miezi 6 hadi 12. Kuhofia mfupa kufa si vibaya, ila kuzungumzia nyonga bandia kabla ya MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) ni haraka mno. MRI ndiyo inayotenganisha hayo mawili. Apimwe na siko seli, maana hiyo huua mfupa kweli. Kama ana homa au anakonda, semeni mapema, TB na usaha navyo hukaa kwenye nyonga.

KoroshoGhafi: Siko seli hajapimwa. Homa hana. Sasa tiba yenyewe ni ipi?

fizio_kusini: Magongo mawili, mguu huo usibebe uzito, maana shingo ya mfupa ikidhoofika huvunjika kirahisi. Dawa ya maumivu aandikiwe na daktari anayejua kwamba ananyonyesha, waangalie na vitamini D. Ndoo kichwani mwiko, hata ndogo, na mtoto asimbebe akitembea. Akishindwa kukanyaga ghafla, eksirei siku hiyohiyo.

Mama Mikindani: Anzeni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mitengo, Mtwara, mwone daktari wa mifupa na muulizie MRI. Ikibidi Dar, MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) wanayo. Bebeni hiyo picha ya eksirei, na kwenye basi mkatie siti anayoweza kunyoosha mguu.