Kolaji ya futi 4 kwa 8: plaiwudi, hadibodi au amerikani?

MtoMirongo: Wakuu, habari za jioni. Nina kazi ya kolaji kubwa, yaani picha ya kubandika vitu: wavuvi wanarudi mwaloni, pale ufukweni, alfajiri. Nachanganya magazeti, kanga, wavu chakavu, mchanga na rangi. Nimejaribu mara mbili kwenye maboksi, zote zimejikunja. Keshokutwa naenda kununua kitu cha kubandikia. Nichukue plaiwudi, hadibodi au niwambe kitambaa cha amerikani?

FundiKirumba: Itakaa ndani au nje? Na itaning'inizwa kwenye ukuta wa aina gani? Bila hayo tunapiga ramli.

MamaIgoma: Na gundi gani? Hilo linatangulia ubao.

MtoMirongo: Samahanini. Ndani, ukuta wa tofali. Gundi ni uji wa unga wa ngano.

Bwiru_Sanaa: Plaiwudi ya milimita 18. Haijikunji, haikuangushi.

FundiKirumba: Mkuu, karatasi nzima ya milimita 18 inapita kilo 30, na mchanga bado. Milimita 9 inatosha. Nyuma piga fremu ya mbao za mbili kwa mbili, weka na mkingamo katikati.

MamaIgoma: Hadibodi usiiguse, mwanangu. Mwaka juzi nilibandika ya futi 4 kwa 6, masika, kwa uji huohuo wa ngano. Usiku ililala sawa mezani, nikaenda kulala nimefurahi. Asubuhi kingo zimenyanyuka, katikati pamebonyea kama mtumbwi. Nikaigandamiza kwa matofali siku 3. Nilipoyatoa, ikarudi vilevile. Baadaye ndipo nikaelewa: karatasi ikilowa inatanuka, ikikauka inajivuta, na ubao mwembamba unafuata. Halafu usiku mmoja nikasikia mkwaruzo. Kuwasha tochi, mende wamejipanga kwenye pindo la kanga wanakula uji, na kitambaa wanakitoboa. Kanga ile ilikuwa ya marehemu mama yangu, nilikuwa nimekata sehemu yenye jina. Nililia. Tangu siku hiyo natumia gundi nyeupe ya maseremala, naizimua kwa maji kidogo, na nyuma ya ubao nabandika karatasi siku ileile ili mvutano ulingane. Viputo navisukuma kwa kadi ya zamani, kutoka katikati kwenda pembeni.

MtoMirongo: Pole sana mama. Kumbe ndiyo maana maboksi yangu yalikunjamana upande wa mbele tu.

Bwiru_Sanaa: Kanga mpya ifue kwanza mpaka maji yatoke safi, la sivyo rangi itavujia kwenye magazeti. Nayo magazeti yanageuka manjano yakipigwa na mwanga. Mimi natoa kopi kwenye karatasi nzuri.

Nyegezi88: Kopi haina uhai. Huo umanjano ndio umri wa kazi, muache abandike gazeti lenyewe.

FundiKirumba: Mteja anayelipa leo hataki picha iliyozeeka mwakani. Tuje kwenye wavu: wa nailoni haushiki gundi nyeupe. Toboa matundu kwenye ubao, ushone kwa uzi. Kabla ya hapo uchemshe na sabuni, harufu ya dagaa haitoki kwa maji baridi.

Nyegezi88: Na usinunue kokoro, ule wavu wa kukokota hadi ufukweni. Limepigwa marufuku, na linakomba hata samaki wachanga.

Bwiru_Sanaa: Kipande chakavu cha ukutani kinavua nini?

Nyegezi88: Anayekuuzia chakavu leo, kesho ananunua jipya kwa hela yako. Tumeona sangara wanavyozidi kuwa wadogo. Hapo sirudi nyuma.

Bwiru_Sanaa: Basi aweke kamba ya katani pembeni. Picasso mwaka 1912 aliizungushia kolaji yake kamba halisi badala ya fremu.

MtoMirongo: Kamba nimeipenda. Nilisahau kusema, kazi inavuka kwenda Ukerewe, inapanda meli ya Nansio.

FundiKirumba: Hilo lilitakiwa liwe la kwanza! Kata vipande viwili vya futi 4 kwa 4, uviunge hukohuko kwa boliti.

Bwiru_Sanaa: Mstari utapita katikati ya mtumbwi.

MamaIgoma: Asogeze mtumbwi kushoto, mstari uangukie kwenye mlingoti wa tanga.

MtoMirongo: Leo nimenunua nusu karatasi ya milimita 9. Nimebandika mbele na nyuma, gundi nyeupe. Bado mbichi.

MamaIgoma: Usiuegemeze ukutani. Ulaze juu ya vijiti, hewa ipite chini. Asubuhi tuambie.

Nyegezi88: Na wavu umepata wapi?